Mchongaji wa Wamunyu Aliyeitoboa Heliamu

Saa mbili asubuhi, Wamunyu, kijiji cha wachongaji Ukambani, Kenya. Mumbua Mbithi, 41, amebana tufe la mbao kwa magoti na anazungusha keekee, unga ukimwagikia leso yake. Wanaume wa kibanda cha pili wanamcheka. Yeye anacheka kuwashinda.

Kwa miaka kumi na miwili Mumbua, anayejulikana hapa kama Mama Kavata, alipiga msasa twiga waliochongwa na wengine. Patasi, aliambiwa, si ya mwanamke. "Walikuwa wananiambia, 'Mama Kavata, wewe ng'arisha tu,'" anasema.

Mapema mwaka huu wa 2003, Idil Yahye, mwalimu wa kemia katika shule moja ya wasichana mjini Machakos, alitafuta mtu wa kumchongea matufe ya kufundishia, kila moja likiwakilisha atomi. Wanaume walikataa, mtalii gani atanunua tufe? Mumbua akaidaka kazi. Chama cha wachongaji kikatoa sharti: mwalimu akiridhika, Mumbua atapewa meza yake kibandani. La sivyo, arudi kwenye msasa.

Maagizo yalikuwa wazi. Kila tundu ni nafasi ya kuungana na mwenzake: haidrojeni moja, oksijeni mawili, kaboni manne. Heliamu, gesi isiyojali mtu, isitobolewe kabisa.

Mumbua akayatoboa matufe yote kumi ya heliamu.

"Niliionea huruma," anakiri. "Ilikuwa kama mtu mwenye amenyimwa kiti kwa harusi."

Mwalimu Idil alipofungua gunia alinuna. "Nilimwambia, 'Mama Kavata, hii haishikani na kitu, umeharibu.' Akaanza kuzirudisha kwa gunia. Nilisikia vibaya sana."

Ndipo Idil, akiwa bado ameshika tufe moja, akakumbuka somo la chuo kikuu. Haidrojeni ikinyang'anywa elektroni yake ya pekee hubaki na chaji chanya na njaa kali. Ikikutana na heliamu, hujishikiza hata kwa gesi hiyo yenye maringo. Jozi hiyo ni ioni chanya, na wanasayansi waliipata maabarani tangu 1925.

"Nikamwambia, 'Lete hizo, mama. Wasichana wangu wataziona.'"

Idil ameagiza matufe mengine ishirini, yenye alama ya kujumlisha kuonyesha chaji hiyo. Neoni na agoni, gesi nyingine zenye maringo, zitafuata, kwani nazo hushikwa vivyo hivyo.

Na meza? Chama bado kinabishana kama kosa lililopendeza linahesabika. Kikao ni Jumamosi.

"Wakinipa, asante," anasema Mumbua akipuliza unga tunduni. "Wakininyima, nitachongea jikoni kwangu. Lakini msasa, watajipigia wenyewe."