Mkate Unaosikilizwa

Asubuhi ile haikuwa na alama yoyote. Mzee alipoingia jikoni alimkuta mama watoto amechuchumaa mbele ya oveni ya bati, mlango umefunguliwa nafasi ya kidole, sikio ameligeuzia mkate na jicho moja amelifumba. Hakumsalimu. Mtu anayesikiliza mkate hasalimiwi. Alivuta kigoda akakaa.

"Bado unaimba," mama alisema, akiwa amempa mgongo. Kisha akakumbuka anasema na nani. Akageuza uso ili mumewe aione midomo, akarudia, "Bado unaimba, fundi. Subiri."

Mzee akasubiri. Alikuwa fundi bati tangu ndevu hazijamtoka. Amegonga ndoo, mabomba, mapaa na masanduku mpaka nyundo ikamla masikio. Yeye mwenyewe hakukubali. Akiulizwa alisema masikio yake ni mazima, watu wa siku hizi ndio wananong'ona.

Mkate ulipotoka, mama aliukata ungali moto. Panya akapita chini ya meza, mama akapanda juu ya kigoda kingine na kisu mkononi, na mzee akacheka mpaka akapaliwa na chai. "Cheka tu," mama alisema huko juu. "Kwa mwoga kwenda kicheko, kwa shujaa kwenda kilio." Ndiyo methali yake, aliitumia kama mwingine anavyotumia chumvi. Akashuka. Mguu ulipogusa sakafu akajishika tumbo, akaiinamia meza, na kisu kikamponyoka.

Jua halijafika utosini, alikuwa amelazwa hospitali.

Mtaani walimwita Mama Shtuka, na jina lilimkaa. Aliogopa radi, mijusi, wageni wasiobisha hodi, na mizani ya kliniki. Alikuwa akishona sare za shule kwenye baraza la nyumba yao ya vyumba viwili, na watoto wakorofi walimnyatia nyuma ya cherehani ili waone sindano ikienda upande. Hakuwafukuza. Aliwashonea vifungo vilivyokatika, huku akiwaambia kwamba siku moja moyo utamtoka mdomoni na wao ndio watakaouokota.

Lakini woga wake ulikuwa na mikono. Haukuketi bure. Mtoto wao wa pili, binti, alipokuwa mdogo alikonda akawa kama kijiti cha ufagio. Mama alikwenda kliniki akitetemeka, akamsikiliza nesi aliyekuwa akiwafundisha akina mama habari za protini: mayai, maharage, karanga, maziwa. Akarudi, akapika vyote, na mtoto akavitema vyote. Kitu pekee alichokubali kumeza ni ndizi. Basi mama akaificha protini ndani ya ndizi. Akaponda maharage meupe, akavunja mayai, akasaga karanga, akanyunyiza maziwa ya unga, akavika kila kitu ndizi zilizoiva, na mumewe akakata pipa kuukuu akamtengenezea oveni ya kukaa juu ya jiko la makaa. Mtoto akala. Mtoto akasimama.

Tangu hapo hakuna aliyedhoofika mtaani asipate mkate ule. Mzazi, aliyetoka homa, mzee asiye na meno. Mama aliupeleka umefungwa kitambaa, akabisha hodi kwa sauti ndogo, akaondoka haraka kabla hajaambiwa habari mbaya za mgonjwa.

Kujua kama umeiva, hakutumia kisu. Mkate wa maharage na ndizi ni mzito, una unyevu, kisu hutoka kichafu hata ukiwa tayari. Ukikiamini kisu utaukausha uwe tofali. Yeye alisikiliza. Mkate mbichi hutoa sauti ndogo ya kuchemka ndani kwa ndani. Ukinyamaza, umeiva.

Sasa alikuwa amelala wodi ya wanawake, na binti yule wa pili, mtu mzima mwenye watoto wake, amekuja kukaa naye. Wanaume waliruhusiwa saa za kutazama wagonjwa tu. Nesi alimvuta mzee pembeni, akamwangalia usoni akasema polepole.

"Mzee, mgonjwa wako hali chakula. Uvimbe wa tumboni unataka kutolewa, lakini daktari hawezi kumpasua akiwa hivi. Hana nguvu. Anahitaji chakula, hasa protini."

"Protini naijua," mzee alisema. "Mwenye protini mwenyewe ndiye huyo mmemlaza."

Nesi akacheka, akaenda zake. Mzee hakucheka. Aliposhika kifundo cha mkono wa mkewe, alishika mfupa. Hofu ikamwingia, ikakaa, ikawa kama mgeni aliyekuja na mizigo.

"Uji wao unanuka dawa," mama alisema. "Nikiuona tu tumbo linafunga mlango. Labda mkate wangu ungepita."

"Nitakwenda nikupikie, mama," binti akasema, na mama akamshika nguo. Hakuweza kubaki peke yake pale. Hata binti akienda kuchota maji, aliita.

"Nitaupika mimi," mzee akasema.

Mama na binti wakatazamana.

"Utachoma nyumba," mama akasema.

"Nyumba ni ya matofali."

"Pazia si la matofali."

Lakini akamwelekeza. Ndizi ziwe zimeiva mpaka uone haya kumpa mgeni. Maharage uyaponde mpaka yasahau kwamba ni maharage. Mayai usiyaonee huruma. Unga wa ngano uwe wa kushikanisha tu, na wa kuumulia uwe wa kuchota kwa ncha ya kijiko.

"Karanga kiasi gani?"

"Mkono utakuambia."

"Mkono wangu haujawahi kuniambia kitu kisichokuwa bati."

"Basi leo utasema. Halafu usikilize. Ukinyamaza, epua."

Alisema hivyo kwa moyo mmoja, na mzee akaitikia kwa moyo mmoja. Miaka yote ile mama alikuwa amezoea kumgeuzia uso, kumgusa bega, kumrudishia maneno ya watu, hata yeye mwenyewe akawa amesahau kwamba mumewe hasikii. Na mzee hakuwa mtu wa kumkumbusha.

Akaenda nyumbani. Yai la kwanza lilimponyoka likapasukia miguuni. La pili liliingia na maganda, akayatoa kwa kikoleo chake cha kukunjia waya. Mikono iliyonyoosha mabati ya paa ilishindwa na utando wa yai. Alichanganya, akapanga makaa chini na juu kama alivyoona, akafunga. Akangoja. Juu palipopata rangi ya udongo akafungua nafasi ya kidole, akachuchumaa, akafumba jicho, akatega sikio.

Kimya. Kimya kizuri, kipana.

Akaepua. Akaufunga kitambaa akaupeleka akitembea kwa kiburi kidogo.

Wodini binti alipoukata, katikati ulimwagika. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja mwenye mdomo mwepesi, akainuka kutazama.

"Mzee, hongera. Ni leo nimeona uji unafungwa kitambaa."

Wodi nzima ikacheka. Mama Shtuka naye akacheka, akapeleka mkono tumboni kwa maumivu, akaendelea kucheka. Nesi akaja akauchukua. Mayai mabichi kwa mgonjwa kama yule yangemmaliza, alisema. Kwa hiyo siku ile mama hakula kitu. Kicheko kilipokwisha, mzee akauona uso wake ulivyobaki, macho makubwa, mashavu yameingia. Mama alikuwa akiogopa, na hakuwa akiogopa panya.

Binti akamtoa baba yake wodini mpaka ukumbini.

"Baba, ulijuaje umeiva?"

"Nilisikiliza."

"Ukasikia nini?"

"Kimya."

Binti akamtazama sikio, kisha usoni. Hapo ndipo mzee akaelewa. Kwa masikio yake, mkate huwa kimya hata kabla haujaingia motoni. Alitaka kusema masikio yake ni mazima.

"Usimwambie mama yako," akasema.

"Mama anajua, baba. Sote tunajua."

Kulipopambazuka alikuwa jikoni tena. Aliona haya, lakini hofu ilikuwa imeisukuma haya pembeni. Akakumbuka karakana. Masikio yalipoanza kumwacha, kila alipotaka kujua kama mshono wa bati umeachia, aling'ata ncha ya kijiti kwa meno, ncha ya pili akaigusisha kwenye bati, mwenzake akigonga upande wa pili. Mtikisiko ulipanda mpaka kwenye taya. Meno yalisikia kilichoyashinda masikio. Sasa meno yenyewe yalikuwa machache, lakini hayakuwa na kazi nyingine ya maana.

Akauweka mkate motoni. Muda ulipofika akafungua mlango, akachukua mwiko wa mti, akaung'ata mpini, akagusisha ncha ya pili kwenye chombo. Joto likampiga usoni. Na kweli, ukaja mtetemo mwembamba, kama nyuki ndani ya kopo.

Bado unaimba.

Akangoja, akajaribu tena. Unaimba. Akangoja zaidi. Unaimba vilevile, haupungui. Harufu ya kuungua ikaanza kutoka, na taya bado linatetemeka. Mzee akashikwa na hofu ya pili, mbaya kuliko ya kwanza. Akautoa mwiko kwenye chombo akaugusisha ukutani.

Ukuta ukaimba.

Ni yeye. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, magoti, mikono, taya, na hakuwa na habari.

Aliketi sakafuni, akaegemea mlango. Alijiambia maneno ambayo mkewe huwaambia watoto wakati wa radi, pumua, hesabu vifungo vya shati, pumua. Akavihesabu. Kimoja hakikuwepo. Akavihesabu tena. Kisha akaung'ata mwiko, akaugusisha ukutani kwanza. Ukuta kimya. Akagusisha mkate. Nyuki yumo, lakini amechoka. Akarudi ukutani, akarudi kwenye mkate, akaenda hivyo baina ya viwili mpaka mkate ukawa kama ukuta.

Akaepua. Chini ulikuwa umeungua. Akaparua palipoungua kwa tupa yake ya kusugulia bati.

Saa za kutazama wagonjwa zilipofika, binti aliukata akiwa hapumui. Katikati ulikuwa umeshikana. Mama alikileta kipande puani, akakinusa sana, kama mnunuzi wa kitambaa.

"Karanga umezidisha," akasema.

Akauma. Mzee alilitazama koo lake. Likakaa, likakaa, kisha likapanda na kushuka. Akauma tena. Yule mwenye mdomo mwepesi wa kitanda cha pili akasema, "Na sisi majirani je, au tumekosea kuugua?" Mama akamkatia kipande.

Tangu siku ile alipika kila asubuhi. Alianza na ukuta, ndipo mkate. Mama akala. Mashavu hayakurudi kama zamani, lakini aliweza kukaa bila kushikwa, akaweza kumcheka mumewe kwa shati lililoingia masizi. Nesi akamletea mizani ambayo mama aliiogopa maisha yake yote, na mama akapanda amefumba macho, akashuka, akauliza kama imesema vizuri. Ilikuwa imesema vizuri. Daktari akapanga siku.

Hapo hofu ya mzee ikageuka sura. Mwanzo aliogopa asile. Sasa aliona kila kipande kinampeleka wapi. Alikuwa akimnenepesha kwa ajili ya kisu. Asubuhi moja alisimama mbele ya bakuli, yai mkononi, akawaza: nikiuharibu huu, na wa kesho, watamwacha, nami nitamrudisha nyumbani alivyo. Alisimama mpaka yai likapata joto la mkono wake. Kumrudisha alivyo ilikuwa kumtazama akiisha. Akalivunja yai bakulini.

Walimpasua siku waliyoipanga. Uvimbe ulikuwa umeshika mahali pabaya kuliko walivyodhani. Mama hakuamka. Daktari alimweleza mzee akimtazama usoni, polepole, naye aliyaona maneno yote. Daktari alisema mwili wake ulijitahidi, ulikuwa na nguvu kuliko walivyotegemea. Mzee hakujua alichukue neno hilo kama faraja au kama mzigo. Mpaka leo hajui. Wako wanaomwambia bila mkate ule asingefika hata pale. Wako wasiosema kitu, na hao ndio anaowaogopa.

Jioni iliyotangulia upasuaji, nesi alikuwa amesema baada ya saa ile mgonjwa hataruhusiwa kula tena. Binti alitoka kidogo, na safari hii mama hakumwita. Alikula kipande chake taratibu, akaokota na makombo yaliyoanguka kwenye shuka. Mzee alimtazama, akamwuliza swali ambalo hakuwahi kumwuliza tangu amwoe, kwa kuwa jibu lake lilijulikana mtaa mzima. Alimwuliza kama anaogopa.

Mama akamgeuzia uso vizuri, ili asikose hata neno.

"Kuogopa naogopa, fundi. Ila naogopa nikiwa nimeshiba. Na wewe ukale, usije ukanishinda kukonda."