Faki, aliyefunga hata Ramadhani ilipokwisha

Akili yangu bado inakataa, jamani. Faki katutoka. Jana alasiri tumemzika kijijini Wawi, na leo asubuhi nimempigia simu nimhadithie nani walikuja mazikoni. Iliita weee, ndipo nikakumbuka.

Mnaonifuata humu mnanijua: mie mtu wa dunia. Nimepika melini, nimekula Bombay, nimekula Hamburg. Skuli niliiacha njiani na hakuna profesa anayeniweza kwa maneno. Lakini sifa yangu kubwa ni kuwa rafiki wa Faki tangu hatuna meno ya mbele.

Leo nawapa kisa chake. Ruhusa alinipa mwenyewe. "Usikitie chumvi tu," akasema. Nitajitahidi.

Mwisho wa miaka ya hamsini, Sultani bado yupo, sisi ndio kwanza sauti zinakwaruza. Baba yake Faki alikuwa kafariki, kisha mtihani wa skuli nao ukamwangusha. Ramadhani ikaja, tukafunga sote. Ikaisha. Sisi tukarukia mikate ya Idi, yeye akaingia funga ya siku sita za Shawwal, mwezi unaofuata. Haya, sunna, si lazima. Kisha Jumatatu na Alhamisi. Kisha nikamwona Jumanne naye kafunga!

Mji mzima ukamsifu. "Ntoto yule walii wa Mungu!" Wazee wakimpisha msikitini. Mie nikawa mfano wa upande wa pili: "Na weye, Juma, utafika peponi na tumbo hilo?"

Kanzu ya Faki ikawa inatembea peke yake, mtu ndani humwoni.

Nikimwambia, "Yakhe, unakwisha," ananijibu, "Weye huijui raha ya njaa." Raha ya njaa! Mie niliyekuwa nikiota mihogo mchana kweupe.

Kilichofichua mambo ni kisima. Mama yangu alikutana pale na Bi Asha, mama yake Faki.

"Shoga, Mungu akulipe," Bi Asha akasema, "unavyonifuturishia mwanangu."

"Mie? Kila magharibi huniambia keshafuturu kwenu!"

Wakatazamana. Ndoo zikabaki pale pale, wao mbio, kanga zinapepea.

Akasomewa dua, akanyweshwa kombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini, kuna waliotaka apungwe pepo. Daktari wa mjini Chake akampa chupa ya dawa ya kuleta hamu ya kula. Faki akazidi kukonda. Bi Asha akawa anaamka usiku kumsikiliza kama anapumua.

Ndipo akaja Shehe, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, pande la mtu. Hakuhubiri. Adhuhuri moja tu tukasikia, "Hodi! Mie mgeni wa Faki leo."

Sinia ikaletwa, wali na mchuzi wa pweza. Shehe kakaa, mikono kifuani.

"Karibu, Shehe, ule," Faki akasema.

"Mgeni hali peke yake."

"Nimefunga, Shehe."

"Funga ya sunna?"

"Ya sunna."

"Basi sunna hufunguliwa kwa ajili ya mgeni. Nilikusomesha mwenyewe, au siku ile ulisinzia?"

Mie nilikuwa mlangoni, harufu ya pweza imenileta. Faki alilitazama tonge kama anayetazama nge. Machozi yakamtoka. Wali ukapoa. Shehe hakumhimiza wala hakuondoka. Mwishowe Faki akala. Tonge moja, la kulisha kifaranga.

Kesho yake, hodi! Shehe tena. Na keshokutwa. Mji ukaanza kunong'ona kwamba Shehe kawa doezi wa vyakula vya watu. Mtu mzima na heshima zake, akakubali kuitwa mlafi! "Waacheni," akasema, "mchuzi wa Bi Asha mtamu." Nami nikajitolea kuwa mgeni, bila ya kuombwa. Kwa hiyo natangaza rasmi: daktari alikuwa Shehe, mie msaidizi wake.

Haikuwa kazi ya wiki. Alikula, akaficha matonge chini ya mkeka, akarudi nyuma, akala tena. Kidogo kidogo kanzu ikapata mwenyewe.

Miaka ikapita, tukazeeka. Mwaka jana wakaja barazani kwetu vijana wa chuo kikuu na research yao, mambo ya vijana wasiotaka kula, na afya ya akili. Wakauliza: maradhi haya zamani yalikuwepo? Mie tena, nani wa kunizuia: "Wakati wetu njaa ikitutafuta yenyewe, nani akaitafute?" Baraza zima kicheko.

Faki hakucheka. Akamwambia yule binti mwenye kalamu, "Andika, mwanangu. Mie."

Akasema jambo ambalo hata mie hakuwahi kuniambia. "Haikuwa dini. Dini niliifanya pazia. Baba kanitoka, mtihani umenishinda, kila kitu kimenishinda. Njaa peke yake ndiyo niliyoiweza. Na kila waliponisifu, nikazidi kuogopa kula."

Binti akamuuliza taratibu, "Ulijuaje kama umepona, babu?"

Akajibu, "Siku moja mama anapakua, nikasikia mtu anasema, 'Nipe na ukoko.' Nikageuka nimwone nani. Kumbe mie."

Ukoko, jamani! Wali ulioshika chini ya sufuria! Tangu hapo mpaka mwezi uliopita, kila harusi, kila maulidi, mie na yeye tukiugombania mpaka wajukuu wanatuonea haya. Alikuwa na mkono mwepesi yule, na akila huku ananicheka usoni.

Jana baada ya maziko wapishi wakaniletea ukoko wote, sahani nzima, kwa heshima. Hakuna aliyeninyang'anya. Nikautafuna wote. Haukuwa na ladha.

Nenda, yakhe. Mola akulaze penye wema. Lala umeshiba.