Marahaba Iliyotangulia

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Lakini hata walii angetukana akiwa na modemu Newala saa moja jioni, miaka ile.

Biashara huria ilikuwa imekolea. Kampuni za simu zilipanda uwanda wa Makonde moja baada ya nyingine, kila moja na rangi yake na mnara wake, vibanda vya vocha vikaota mpaka Mkunya, nasi walimu tukaambiwa dunia sasa iko kiganjani. Nilishuka Masasi kwa basi, nikarudi na vumbi mpaka kwenye kope na modemu kwenye mkoba, kile kidude cha ukubwa wa kidole gumba unachokichomeka kwenye kompyuta. Muuzaji aliniapia kwamba kina kasi ya ajabu. Hakusema kasi hiyo ni ya saa ngapi.

Mchana, kweli, kiliruka. Lakini jua likishazama, walimu wametoka shule, watumishi wametoka ofisini, kila mwenye bando amelifungua, basi ni kile kiduara tu kinazunguka katikati ya kioo. Unaweza kuepua ugali, ukala, ukaosha vyombo, ukakikuta kinazunguka. Jirani yangu alinishauri niitundike modemu dirishani ndani ya ungo, eti kwa kuwa dishi la televisheni nalo huitwa ungo, basi lazima ungo unakusanya mtandao. Huyo ni mwalimu wa hesabu. Nami nikatundika, maana mwenye shida hachagui. Kilichokusanywa ni vumbi la mihogo, na simu yangu mara mbili ikadaka mnara wa ng'ambo ya mpaka, ikanikaribisha Msumbiji.

Wakati huo Mama alikuwa amehamia kwangu kutoka Mkunya, magoti yamemchosha. Mama alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa salamu. "Asiyesalimu hajafika," ndivyo alivyosema, na mtu aliyeingia bila shikamoo alimtazama kama mlango uliofunguliwa na upepo. Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wake, alikuwa India anasomea udaktari. Miaka minne Mama hakumwona uso.

Ndipo kijana akapata mchumba hukohuko, binti wa Tanga anayesoma naye. Ndoa ikapangwa, ikabaki wiki mbili. Akaomba radhi ya Mama. Nikampa Mama simu, akairudisha.

"Radhi siitoi sikioni," akasema. "Nimwone, anisalimie kama mtoto, ndipo niseme neno."

Na kijana naye akasema bila neno la Mama hafungi ndoa. Zamu zake za hospitali zilimwachia Jumapili jioni tu. Saa ileile ya msongamano. Nilitamani kulia.

Jumapili ya kwanza Mama aliswali magharibi, akajifunga kanga mpya, akakaa mbele ya kompyuta, mikono magotini. Kiduara kikazunguka weee, mara uso wa mdogo wangu ukatokea. Amekonda. Midomo ikacheza, sauti hakuna. Mama akasubiri. Kijana akatabasamu, akasema tena kitu, sauti hakuna, kisha picha ikaganda meno yakiwa nje.

"Anachekelea," Mama akasema. "Hajanisalimia anachekelea."

"Mama, ni mtandao, subiri kidogo."

Hakusubiri. Alijishikiza kwenye meza, akainuka, akaenda chumbani kwake. Mlango ulipofungwa tu, sauti ikatoka kwenye kompyuta, ikakiambia kiti kitupu: "Shikamoo, Mama." Nikampayukia mdogo wangu asubiri. Ikakata.

Baada ya muda ukaingia ujumbe: "Dada, nimemsalimia mara tatu hakuitikia. Nimemwona anainuka. Amenikataa?"

Nilimjibu kwamba hakukataliwa, lakini najua hakuniamini, na wiki ile nilikuwa mkali darasani mpaka wanafunzi wakaniogopa. Mama nilimweleza siku tatu.

"Yaani salamu ilichelewa njiani," akasema. "Salamu ina miguu?"

"Mama, haraka haraka haina baraka, si wewe ulinifundisha?"

"Na hii pole pole yenu mbona nayo haina?"

Siku ya nne nikamkumbusha bomba la maji la Mkunya, lile la pekee, jinsi ilivyokuwa asubuhi wote wakijazana, kule juu wakifungulia maji huku chini yanakuja matone, tena kwa kuchelewa. Mtandao ni hivyohivyo, nikamwambia. Mtu wa uwanda wetu usio na mito humfundishi habari ya kungoja maji. Hakuniambia amewaza nini.

Jumapili ya pili, ya mwisho, nilipita nyumba zote sita za walimu kuomba wachomoe modemu zao kwa robo saa. Wakakubali, na Mungu awalipe. Yule wa hesabu aliniletea yake mkononi, kama mtu anayesalimisha silaha. Nikarudi nina matumaini. Haikusaidia kitu, maana mji mzima ulikuwa umening'inia kwenye mnara uleule, nasi tulichomoa sita.

Kiduara kikazunguka. Uso ukatokea, safari hii hautabasamu. Macho mekundu. Nilijua akianza kusalimu, salamu itapotelea kwenye bahari yote ile, na Mama ataona midomo tu.

Mama akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Nilishtuka. Sijapata kumwona mkubwa akiitikia salamu ambayo haijatolewa, na huyu ndiye Mama, aliyewasimamisha wakwe mlangoni mpaka wasalimie. Akasema tena, taratibu, "Marahaba. Nimekuitikia. Oa, baba. Nina radhi nawe."

Kule hakikutikisika kitu. Tukakaa tunautazama uso ule mgumu, sijui muda gani. Kisha ukavunjika, akaufunika kwa mikono miwili. Picha ikaganda hivyo, na nyuma yake sauti ikafika, "Shikamoo, Mama," halafu nyingine, halafu kimya.

Nilimuuliza kwa nini alifanya vile.

"Ungesubiri maji yatoke ndipo uweke ndoo, ungerudi nyumbani mkavu," akasema. "Ndoo hutangulia." Akaomba chai.

Sasa nyumbani kwangu mtandao una kasi, jioni kama asubuhi, na wajukuu wananung'unika video ikikwama kwa sekunde moja. Siwaelezi. Mama tumemzika Mkunya. Nina hamu na kile kiduara, sioni haya kusema, kwa sababu kilipozunguka Mama alikuwa amekaa kando yangu.

Mdogo wangu hunipigia kila Jumapili. Mimi ndiye mkubwa aliyebaki, shikamoo inakuja kwangu. Uso wake hutokea palepale, safi, mvi zote zinaonekana. Na kabla hajafungua kinywa, mimi huwa nimeshasema, "Marahaba."

Naye hukaa kimya kidogo, ingawa mtandao haujakwama.