Kiberenge cha Kumpeleka Mama kwa Baba Yake

Umande haujakauka, na Nyundo yuko kazini tayari. Anainama, anagonga bolti ya reli, anasikiliza. Ikilia vizuri anaiacha. Ikikoroma, anatoa spana. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, na siku hizi hata mkewe hulitumia, hasa akikasirika.

Reli anayoitunza ni nyembamba. Upana wake haufiki mita moja, ndiyo maana mabehewa huyumba ukadhani yamelewa. Serikali ya kikoloni iliijenga hivyo kwa ubahili tu: ilitaka pamba ifike bandarini kwa bei ya chee. Milima ilichimbwa na watu waliokamatwa vijijini kwao, na hakuna aliyewauliza kama wanataka.

Mmoja wao alikuwa babu yake Nyundo, mzaa mama.

"Pale mlima ulipokatwa, udongo uliwaporomokea," anatuambia sisi wageni wake, akionyesha kwa spana. "Msimamizi hakutaka kazi isimame. Wakasawazisha kifusi juu yao, reli ikapita kando. Wako humo mpaka leo."

Hakuna jiwe wala kibao. Kilichopo ni honi. Kila dereva wa treni akifika pale hupiga honi moja ndefu, ingawa hakuna barabara inayokatiza wala ng'ombe wa kufukuza. Tulipomuuliza dereva mmoja kijana sababu, alicheka. "Aliyenifundisha alikuwa anapiga. Na mimi napiga."

Ng'ambo ya mlima, mama yake Nyundo akiisikia huacha kuchambua maharage. Ikiisha, huendelea.

Mwezi ujao reli hii inang'olewa, na reli pana itapita kwingine. Nyundo atastaafu, na hilo halimsumbui. Kinachomkosesha raha ni mama. Ameisikia honi ile maisha yake yote, lakini hajawahi kufika pale. Njia ya gari hakuna, treni ya mizigo haisimami, na miguu yake imegoma. Kilichobaki ni kiberenge, kile kigari cha mafundi kinachotembea juu ya reli. Vyuma vikishaondoka, basi tena.

Shida ni kwamba bibi huyu aliapa tangu usichana kuwa hatapanda chochote cha reli. Hata mwanawe alipoajiriwa, alimnunia msimu mzima.

"Nimembembeleza mpaka nimechoka," anasema Nyundo. "Mkuu wa stesheni karuhusu. Lakini mama ananiambia, 'Chuma hicho kilimla baba yangu, leo unataka nikikalie?'"

Jioni tulimkuta bibi mlangoni. Nyundo hakumsihi. Alisema tu kwamba amefunga kiti chenye mgongo juu ya kiberenge, na mto juu yake.

Bibi aliutazama mlima.

"Jumapili," akasema hatimaye. "Na usinikimbize, mwanangu."

Nyundo aligeukia ukutani akijifanya anatafuta spana, ambayo alikuwa ameishika. Mama yake hakumwona. Alikuwa na jambo jingine linalomtatiza, akatuuliza sisi.

"Baba alikufa kijana, mdogo kuliko wajukuu zangu. Na mimi ndiyo huyu, kikongwe. Sasa nikifika pale, nimpe shikamoo, au nisubiri yake?"