Neno Nililompelekea Mkunga

Siku ya uchungu wangu, pale kisiwani Chole, tulikuwa watano. Mimi; mume wangu, aliyekuwa seremala wa boma la Wadachi; jirani yetu mkunga; mumewe, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani; na mtoto wangu, ambaye alikuwa bado hajafika. Mkunga hakuwa ndugu yangu kwa damu, lakini ua wetu na ua wake ulikuwa mmoja, na kaa la moto nilikuwa nikiomba kwake. Majina yao yote ninayo, hata la mbuzi wao. Siyaandiki kwa sababu wajukuu wao wangali wanaoa na kuolewa.

Mimi na mume wangu tulitoka misheni, huko bara. Kisiwani hapakuwa na kanisa, wala Mkristo mwingine ila mpishi wa boma, na Ukristo wake ulikuwa wa Krismasi. Padri alikuja kwa mashua mara moja kwa mwaka. Mwaka ule alituhubiria sisi watatu habari ya taa iliyofunikwa kwa pishi, akanitazama mimi. "Nikirudi," akasema, "nitauliza kila mtu amemwambia nani neno hili." Mume wangu akajibu upesi kwamba yeye kazini hawezi kusema, mdomo umejaa misumari. Ikabaki zamu yangu.

Nimwambie nani? Wa kuongea naye nilikuwa na mmoja tu, mkunga, na huyo ndiye nisiyethubutu kumuudhi. Nilikwisha kuzika watoto wawili kule bara, na huyu wa tatu alikuwa karibu. Mkunga mwingine alikuwa Jibondo, ng'ambo ya maji. Nikikosana na huyu, nitazalishwa na nani? Na seremala?

Basi nikajizoeza. Wiki nzima niliwahubiria kuku, wakanisikiliza vizuri, hasa nilipokuwa na mtama mkononi. Asubuhi moja nikaenda. Mkunga alikuwa barazani, anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, bibi. Nina neno."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni chumvi, ingia uchukue mwenyewe."

"Si chumvi. Ni habari ya Isa."

"Isa bin Mariamu? Ana nini?"

Aliuliza kama mtu anayeletewa habari ya jirani mgonjwa. Nikaanza, kama nilivyowaambia kuku. Nilipofika kwamba Mariamu alizaa zizini, akaacha kusuka.

"Zizini? Kwenye ng'ombe?"

"Ndiyo, bibi."

"Sisi tumesoma kwamba uchungu ulimshika chini ya mtende, peke yake. Hata hilo hunichoma roho kila nikilisikia. Nyinyi mmemwongezea na ng'ombe! Mji ule haukuwa na mkunga?"

"Kitabu hakisemi."

"Hakisemi kwa sababu waandishi walikuwa wanaume."

Ningeishia hapo, tungecheka yakaisha. Lakini pishi nilikwisha kulifunua, nikasema na lile neno gumu: kwamba mtoto yule ni Mwana wa Mungu. Mkunga akasema, "Astaghfirullah." Akakunja ukili wake, akaingia ndani. Mlango hakuubamiza. Aliurudisha taratibu, na hilo likanitisha zaidi.

Siku nne hatukuonana uani, na mimi sikuthubutu kwenda kuomba moto.

"Umemwambia?" mume wangu akauliza.

"Nimemwambia."

"Padri atafurahi," akasema, huku akitafuna muhogo mbichi.

Siku ya tano, saa nne ya asubuhi, uchungu ukanishika. Mume wangu akasimama mlangoni kama nguzo, anaona haya kwenda kuita. Mara mkunga huyo, anaingia bila hodi, mikono ameshanawa.

"Bibi, nilidhani umenikasirikia."

"Nimekukasirikia sana. Lala ubavu."

"Bibi..."

"Ulidhani nitakuacha uzae kwenye ng'ombe? Mwite Isa wako, na mimi nitamwomba Mola wangu. Ila usisukume mpaka nikwambie."

Mtoto alitoka adhuhuri, wa kiume, kimya. Mkunga akamsugua mgongo, akampuliza puani, akamwinua miguu juu. Kimya. Ukimya ule nilikwisha kuusikia mara mbili, niliujua. Mkunga akapaza sauti kumwita mumewe, aliyekuwa uani na mume wangu. Mwalimu akaingia amegeuza uso asinitazame, akamwinamia mwanangu, akamwadhinia sikioni. Mtoto akalia.

Padri aliporudi hakusahau.

"Umemwambia nani?"

"Mkunga, padri."

"Naye akasemaje?"

"Akasema nilale ubavu."

Akacheka, akambatiza mtoto. Habari ya adhana sikumweleza. Hakuniuliza, na mimi si mtu wa kujibu nisichoulizwa. Mkunga hakubatizwa, mimi sikusilimu, na kwa miaka yote tuliyokaa ua mmoja tuligombana kila tulipokaa kusuka. Mwanangu leo ana mvi, ni mzee wa kanisa, na jambo hili analisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Mume wangu mpaka anafariki alishikilia kwamba mtoto alilia kwanza, adhana ikafuata. Mimi nasema adhana ndiyo iliyotangulia. Lakini mimi nilikuwa nimelala, nguvu zimeniisha, naye alikuwa nje ya mlango, kwa hiyo mashahidi wote wawili tuna kasoro. Enyi wa nyumba ya mkunga, kama bibi yenu aliwasimulia vingine, nisahihisheni ningali hai.