Mwizi wa mazoezi

"Mi siwezi kuwa mwizi, papa yangu ni afande!"

"Na mi tayari ni jaji, bon, basi!"

Ndivyo walivyogombana wanafunzi wawili wa sekondari wanaosomea sheria na usalama hapa Gisenyi, darasani, wakijifunza kuendesha kesi. Nilikuwa nimewapelekea walimu mandazi ninayouza kwenye ndoo. Mwalimu akaninyooshea chaki: "We dada, kaa pale. Utakuwa mwizi."

Nilikaa kwa furaha, maana niliacha shule nikitamani kuwa wakili. Mashahidi wakasema, jaji akanihukumu kifungo. Nikanyoosha mkono: "Na mimi siulizwi kitu?"

Darasa zima likacheka. Hao ndio wanaoandaliwa kutulinda, na hakuna aliyefundishwa kumsikiliza mshtakiwa! Nikabeba ndoo yangu nikatoka kwa hasira.

Mlangoni mwalimu akaniambia, "Asante, dada. Kesho urudi, tutajifunza kukamata."