Tulivyoisoma Sodoma Kibirichia

Mdogo wangu wa kike hulima viazi Kibirichia. Mimi nilifundisha somo la dini katika shule za sekondari mpaka nikastaafu. Kwa hiyo mwanawe alipompigia simu kutoka Nairobi na kumwambia kwamba hataoa mke, kwa sababu anapenda wanaume, mdogo wangu hakwenda kwa mchungaji wake. Alipanda bodaboda mpaka kwangu Kiirua, gambuti za shambani zikiwa bado miguuni.

Alikaa jikoni mpaka chai ikawa tayari. Kisha akaniambia, kwa Kimeru chetu, maneno ninayoyaweka hapa kwa Kiswahili.

"Mwalimu," alisema, maana hata nyumbani huniita hivyo, "sikuja unifariji. Watu wataniambia Biblia inasema nini. Mimi nataka kujua iliwaambia akina nani, na hao watu walikuwa wanafanya nini."

Darasani sikuwahi kuulizwa swali hilo. Tulileta Biblia mbili mezani, yake ya Kimeru na yangu ya Kiswahili, tukaenda kwenye barua ya Paulo kwa Wakorintho, pale anapowataja watu ambao hawataurithi ufalme. Tukasoma kwa zamu. Maneno hayakulingana. Yangu yalikuwa makali na mafupi, yake yalizunguka.

"Sasa Paulo alisema lipi?" akauliza.

Wiki hiyo nilishuka Meru mjini kumwona mchungaji mmoja mzee aliyewahi kufundisha Kigiriki katika chuo cha theolojia. Ni mtu wa msimamo wa kale, na nilijiandaa kuhubiriwa. Badala yake alivuta kiti karibu na dirisha, akafungua Agano Jipya lake la Kigiriki, akaniwekea kidole kwenye neno moja.

"Hili limeungwa kutoka maneno mawili," alisema. "Mwanamume, na kitanda. Kabla ya Paulo hatujui mtu mwingine aliyeliandika. Huenda alilitengeneza yeye, akikumbuka Mambo ya Walawi yalivyotafsiriwa kwa Kigiriki."

"Na hili lililo kando yake?"

"Maana yake ni laini. Injili hulitumia kwa nguo za watu wa ikulu. Lakini mtaani lilikuwa tusi la wanaume. Mwoga, mpenda anasa, au yule anayelaliwa."

Akanieleza miji ya Warumi ilivyokuwa. Bwana mwenye watumwa aliweza kumchukua mtumwa wake, awe wa kike au wa kiume, hata mtoto, na jirani asione ajabu. Paulo aliishi katikati ya mambo hayo.

"Kwa hiyo alikuwa anakataza hayo tu?" nikauliza.

"Mimi naona katazo lake ni pana kuliko hayo. Wapo wenzangu niliosoma nao wanaoona sivyo. Wanasema watu wawili wazima wanaopendana na kuishi pamoja si jambo alilokuwa nalo mbele ya macho. Na Kigiriki chao si kibovu."

Niliporudi na habari hizo, nilimkuta mdogo wangu naye amesoma. Katika Mambo ya Walawi alikuwa ameipita ile aya ambayo wahubiri huishia hapo, akaendelea mbele.

"Hapa tunakatazwa kupanda mbegu mbili shamba moja," alisema. "Mimi huchanganya mahindi na maharagwe kila msimu, na ni kanisani mbegu zinakobarikiwa."

Tulicheka, cheko letu la kwanza tangu ile simu. Lakini nilimwambia lile ambalo mzee alinionya, kwamba hoja hiyo haimalizi kesi, kwa sababu kurasa zizo hizo zinamkataza mtu kulala na mama yake, na hakuna kanisa lililoliacha hilo.

"Basi ni nani alichagua la kushika na la kuacha?"

"Hilo ndilo watu wanabishania," nikasema.

Zamu ya mdogo wangu kukaribisha kikundi cha akina mama cha kusoma Neno ilipofika, alinialika. Hakutaja mwanawe. Aliomba tu tusome habari ya Sodoma yote, kwa sauti, bila kuruka. Wengi wetu tulikuwa tumeisikia ikihubiriwa tangu utotoni.

Msomaji alifika pale wanaume wa mji wanapoizunguka nyumba wakitaka kuwatenda wageni kwa nguvu, na Lutu anatoka kuwapa binti zake badala yao. Akasimama.

"Awape binti zake?" mama mmoja aliuliza. "Baba gani huyo?"

Ubishi ukaelekea huko, na ulikuwa mkali. Wengine walisema zamani mgeni alikuwa mkubwa kuliko mtoto wa kike. Wengine walisema kunajisi ni kunajisi. Hapo nikawasomea nabii Ezekieli, anayesema dhambi ya Sodoma ilikuwa kiburi, kushiba, na kutomshika maskini mkono. Mwenyekiti wa kikundi aliifunga Biblia yake.

"Mwalimu, umekuja kutubadilishia dini?"

"Hapana, mama. Nimesoma kilichoandikwa."

"Yuda naye ameandika juu ya Sodoma. Mbona huyo hukumsoma?"

Alikuwa na haki, nami nikakiri. Tukaisoma barua ya Yuda, inayowashtaki watu wa Sodoma kwa uasherati na kufuata mwili mwingine. Nikasema wapo wanaodhani mwili huo mwingine ni wa malaika, kwa kuwa wale wageni walikuwa malaika. Hakuridhika. Aliondoka kabla ya sala ya mwisho, na mpaka leo hunisalimia kwa mbali.

Wengine walipotawanyika, mama aliyekuwa akisoma alibaki kutusaidia kuosha vikombe. Wala hatukujua kwamba alikuwa amesikia habari za kijana wetu. Alisuuza kikombe, akakigeuza juu ya sinia, akamwuliza mdogo wangu, "Kijana atakuja kuvuna viazi?"

"Nimemwambia aje."

"Vizuri," akasema, na akachukua kikombe kingine.